Kuuvusha mchungwa na mndimu wakati wa kaskazi

Kuanzia Desemba hadi Machi, Mombasa jua likikaza, majani ya mchungwa hujikunja adhuhuri. Hilo peke yake si la kukimbilia ndoo: mti umefunga vitundu vya majani ili maji yasipotee, na jioni yatakunjuka. Ukiyakuta yamejikunja hata alfajiri, udongo umekauka kweli. Ukichelewa, mti utaangusha vitunda vichanga, kisha majani.

Mti ambao matawi yake yametanda mita 3 hutaka debe nne (lita 80) mara mbili kwa wiki. Maji yakiwa ya kununua, debe nne mara moja kwa wiki zitauweka hai, ingawa matunda yatakuwa madogo. Kumwaga lita 10 kila siku ni hasara. Hulowesha juu tu, jua likayanyakua. Mwaga polepole chini ya ncha za matawi, ndiko iliko mizizi inayonyonya. Shina likilowa kila mara, gome huoza na kutoa gundi. Tandaza makumbi ya nazi au majani makavu unene wa sentimita 10, ila yasiliguse shina.

Pale pasipofaa kubania maji ni tangu maua hadi tunda lipite ukubwa wa gololi. Kiu ya wakati huo ndiyo inayomaliza mavuno. Tunda likikaribia kuiva unaweza kupunguza. Lakini usiukaushe mti kisha ukaufurikisha ghafla: nyama ya tunda huvimba upesi kuliko ganda, likapasuka. Rudisha maji kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili.

Tahadhari na visima vya chumvi, maana jamii ya michungwa haiivumilii. Ncha za majani zikiungua hudhurungi, changanya maji ya kisima na maji yasiyo na chumvi au ya mvua uliyokinga, na usiyarushie majani kabisa. Mbolea nayo isubiri masika. Kwenye udongo mkavu huunguza mizizi. Wala usipogoe sana, gome litababuka kwa jua.

Mndimu mkubwa wenye afya una faida yake katika ukame: ukishapata kiu wiki kadhaa kisha ukanyweshwa vizuri, hutoa maua kwa wingi. Miche usiifanyie hivyo. Mizizi yake bado mifupi, na mmea wa mwaka mmoja hutaka debe moja mara mbili kwa wiki bila kukosa.