"Umezidisha" Haitoshi: Namna ya Kutaja Uigizaji Uliopita Kiasi

Ninafunza maigizo ya shule hapa Kisumu. Kila msimu wa tamasha ukikaribia nawasikia walimu wakitumia neno moja kwa kila kosa: "Umezidisha!" Mwanafunzi akishaambiwa hivyo hupunguza kila kitu, sauti, hatua, hata macho, mpaka anasimama jukwaani kama nguzo ya umeme. Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili, na kila moja huonyesha pahali tofauti pa kurekebisha. Mimi huyatumia hivi.

Hatua ya 1: Tazama onyesho lote kwanza

Gawa ukurasa wa daftari safu nne: maneno, sauti, mwili, hisia. Kila kinapokukera kitu, tia alama. Safu itakayojaa ndiyo itakayokupa neno la kumwambia mwigizaji.

Hatua ya 2: Maneno yakizidi

Hapa tunasema kutia chumvi au kupiga chuku. Mwenye kutia chumvi ana msingi wa kweli: mvuvi wa Dunga amevua mbuta wa kilo tano, akifika sokoni amekuwa wa kilo kumi na tano. Chuku huvuka hapo, mbuta yule yule akavuta mashua hadi Homa Bay. Chuku pia ni mbinu ya lugha tunayoifundisha darasani, kwa hivyo usimlaumu mwigizaji kwa chuku iliyoandikwa na mtunzi. Mlaumu akiongeza yake.

Hatua ya 3: Sauti

Kupaza sauti ni wajibu, hasa ukumbi ukiwa na paa la mabati. Kupayuka ni kosa. Mwambie, "Paza, usipayuke," naye ataelewa.

Hatua ya 4: Mwili

Mbwembwe ni vitendo vya kuvuta macho ya watu. Anayeigiza karani akizungusha kalamu vidoleni wakati mwenzake anasema jambo zito, hizo ni mbwembwe. Mwambie: "Mbwembwe zako zinamfunika mwenzako."

Madoido na manjonjo ni mapambo, na mara nyingi ni sifa. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka, ikichezwa bila madoido imepoa. Usilitumie neno hili kumkaripia mtoto anayecheza ngoma ya kwao.

Mikogo ni maringo ya mwendo, kutembea kwa mtu anayejua anatazamwa. Kabla hujaikemea, jiulize ni ya nani. Mhusika akiwa chifu mwenye kiburi, mikogo ni yake na tunaitaka. Ikiwa ni ya mwigizaji anayetafuta macho ya marafiki zake walioketi mstari wa mbele, iondoe.

Hatua ya 5: Nje ya jukwaa, na ngeli zake

Magazetini utakuta sarakasi za wanasiasa na vitimbi vyao. Kwenye matatu ya Kondele utasikia, "Wacha drama." Hayo yanahusu watu wanaoigiza maishani, usiyalete mazoezini. Melodrama nayo ni aina ya mchezo, iliyoshamiri Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, na sehemu ya kwanza ya jina lake ni neno la Kigiriki lenye maana ya wimbo. Usiigeuze tusi. Upande wa sarufi: mbwembwe hizi, madoido haya, mikogo hii, vitimbi hivi. Chuku hupigwa, chumvi hutiwa.

Hatua ya 6: Hisia

Hapa nenda polepole. Anayelia bila sababu tunasema anajiliza. Mwenye machozi ya mamba analia ili adanganye. Kujitia uchungu ni kuuonyesha bila kuwa nao.

Mwaka mmoja msichana aliigiza mama aliyepoteza mtoto ziwani. Aliingia akipiga mayowe, mikono kichwani, akikimbia huku na huku. Nikamwambia amezidisha. Kesho yake alilia kwa kitambaa, kimyakimya, na darasa zima likapoa. Shakespeare alimfanya Hamlet awaonye waigizaji wasikate hewa kwa mikono kama msumeno, kisha papo hapo awaonye wasiwe baridi mno. Mimi nilikuwa nimekumbuka onyo la kwanza tu.

Tena nilikuwa nimesahau niko wapi. Kwa Wajaluo mfiwa huingia bomani akilia kwa sauti, mbio, na mzee akifa watu hutoka na ng'ombe na mikuki katika tero buru kukifukuza kifo. Kilio kikubwa huku ni desturi, si chumvi. Kosa la yule msichana lilikuwa jingine: alianza kulia kabla hajapewa habari. Kilio kilitangulia msiba, na baada ya hapo hakuwa na pa kupanda.

Nikamwomba arudie, aingie na karai la omena, aulizie bei ya chumvi, apewe habari, aliweke karai chini taratibu, na kabla ya kulia ahesabu moyoni hadi tatu. Mayowe yalikuwa yale yale ya siku ya kwanza, na mbio zile zile. Safari hii sikuwa na alama ya kutia daftarini.