Mambo ya Kuandaa Kabla Samaki wa Bwawani Hawajaugua

Mfugaji wa sato au kambale wa Moshi au Usa River anayengoja samaki waelee ndipo atafute mtaalamu, mara nyingi hupeleka maabara mzoga usioweza kumjibu, kwa sababu saa chache baada ya kifo bakteria wa utumboni na wa majini huwa wamekwisha kuenea mwilini na kumfunika bakteria aliyemuua samaki. Kinachofaa ni samaki aliye hai lakini anayeonyesha dalili, na maandalizi ya kumpata hufanywa wakati bwawa lingali salama.

Anza na daftari la joto la maji, chakula kilicholiwa na idadi ya vifo vya kila siku. Vifo vingi vya ghafla alfajiri, samaki wakiwa wanahema juu ya maji, huelekeza kwenye upungufu wa oksijeni, ilhali vifo vichache vinavyoongezeka siku hadi siku, pamoja na samaki kukataa chakula, hutia shaka ya bakteria.

Zifahamu mapema dalili za makundi haya matatu ya bakteria. Streptokoka humfanya sato atoe macho, au jicho liwe na ukungu, na azunguke anapoogelea, kwa kuwa hushambulia ubongo. Hushamiri zaidi maji yanapopata joto. Aeromonasi huleta madoa ya damu kwenye ngozi, vidonda na tumbo lililojaa maji. Flavobakteria huacha mabaka meupe au ya manjano mgongoni na kuozesha matamvua. Hata hivyo dalili hizi huingiliana, na kwa maoni yangu hakuna jicho, hata la mzoefu, linalopaswa kuidhinisha dawa peke yake.

Weka tayari glovu, maana baadhi ya bakteria hawa huingia kwa binadamu kupitia mchubuko. Wavu wa bwawa hilo pekee. Mifuko imara ya plastiki. Na namba ya afisa uvuvi na ya kituo cha Arusha cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), ukiuliza mapema ni sampuli gani wanapokea. Samaki asafirishwe katika maji ya bwawa lake, mfuko ukiachiwa nafasi kubwa ya hewa. Akifa njiani, awekwe kwenye barafu bila kugandishwa. Antibiotiki isitolewe kabla ya sampuli kuchukuliwa, kwani huzuia bakteria kuota maabara, na kipimo cha usugu, ambacho ndicho kinachoonyesha dawa ipi ingali inafanya kazi, hakitawezekana.