Homa isiyoshuka siku tano: fikiria ugonjwa wa Kawasaki (kuvimba kwa kuta za mishipa ya damu)

Mtoto wa chini ya miaka 5 akiwa na homa siku 5 au zaidi, andika kila dalili na tarehe yake, hata iliyokwisha kupotea, maana hazitokei zote kwa pamoja. Tafuta: macho mekundu yote mawili bila tongotongo, midomo iliyopasuka na ulimi mwekundu wenye vipele, upele mwilini, viganja na nyayo kuvimba, tezi ya shingo ya sentimita 1.5 au zaidi. Homa pamoja na nne kati ya hizo inatosha kuutambua. Usingoje vidole vibabuke, hilo huja wiki ya pili au ya tatu.

Wachanga chini ya miezi 6 hutudanganya: wanaweza kuwa na homa tu, na hao ndio mishipa ya moyo yao huharibika zaidi.

Hospitalini mtoto hupewa imunoglobulini (kingamwili kutoka damu ya wachangiaji) kwa dripu, gramu 2 kwa kilo, kwa saa 10 hadi 12, kabla ya siku ya 10 ya homa, pamoja na aspirini. Usimpe ibuprofeni, hudhoofisha aspirini. Eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) hurudiwa wiki 1–2 baada ya matibabu, kisha wiki 4–6. Chanjo ya surua husubiri miezi 11 baada ya imunoglobulini.