Jinsi ya Kumnunulia Mtoto Vifaa vya Kuanzia vya Mdakaji wa Softiboli kwa Bei Nafuu

Katika softiboli, mchezo wa gongo na mpira unaofanana na besiboli, mdakaji ndiye anayechutama nyuma ya mgongaji na kuupokea kila mpira unaorushwa. Gongo linampitia mbele ya uso, na mpira uliogusa gongo kidogo tu hubadili njia kwa ghafla, asipate hata nafasi ya kupepesa jicho. Ninafundisha wasichana softiboli hapa Malindi, na mzazi akiniuliza aanze kununua nini, jibu langu ni moja: kichwa na koo kwanza, vingine vifuate. Na kila kifaa kimkae mtoto leo. Tumezoea kununua sare ya shule kubwa kidogo ili mtoto aikulie, lakini kinga iliyopwaya huhama mahali pake, na mpira unapita palepale ilipohama.

Hatua ya 1: Mpime mtoto kabla hujauliza bei

Azima futi kamba kwa fundi cherehani yeyote. Zungusha kichwani, kama sentimita mbili juu ya nyusi. Kisha pima kifua, kutoka chini ya koo hadi kitovuni. Mwisho mketishe, goti likunjwe, upime kutoka katikati ya pia ya goti hadi pale mguu unapokunjika kwenye kifundo. Kipimo hiki cha mguu kiandike kwa inchi, maana ndivyo vifaa vingi vilivyoandikwa.

Kichwa kipimwe na nywele atakazochezea. Akiwa anavaa hijabu, avae ile nyepesi ya kuvuta, isiyo na pini hata moja. Pini chini ya helmeti ni hatari. Angalia pia fundo la nywele: likikaa juu ya kisogo linaisukuma helmeti mbele na kumziba macho, kwa hiyo lishuke usawa wa shingo.

Hatua ya 2: Gawa pesa zako

Zaidi ya nusu iende kwenye helmeti. Seti kamili za watoto za chapa kama Champro au Rawlings huko Marekani si rahisi hata kabla ya usafiri na ushuru, kwa hiyo wengi wetu hununua kipande kimoja kimoja. Hakuna ubaya. Kwenye mitumba, iwe sokoni hapa mjini au Kongowea kule Mombasa, kinga za miguu hujitokeza mara moja moja zikiwa zimechanganywa na za hoki na kriketi. Usidanganywe na zile za kriketi: ni ndefu na ngumu, mtoto hawezi kuchutama nazo. Ukiweza, nenda dukani na mpira wenyewe, ujaribu nao vifaa. Wadogo sana huchezea wa mzunguko wa inchi 11, wakubwa inchi 12.

Hatua ya 3: Helmeti na koo

Hapa usiwe na haraka. Ziko aina mbili. Ya kwanza ni kofia ndogo na wavu wa uso vinavyovaliwa kila kimoja peke yake. Ya pili ni helmeti nzima iliyounganishwa na wavu. Kwa anayeanza napendelea ya pili, kwa sababu inafunika masikio na upande wa kichwa, na mtoto hahangaiki nayo.

Saizi ya 7 ni kama sentimita 56 za mzunguko. Lakini namba peke yake haitoshi, mvalishe. Mwambie atikise kichwa kwa nguvu, kama anayekataa. Helmeti na ngozi ya paji la uso viende pamoja. Ngozi ikibaki huku helmeti inazunguka, ni kubwa. Kisha shika wavu kwa mkono uuvute chini taratibu: usimfikie puani. Bonyeza mpira kwenye wavu kutoka mbele. Usipenye, wala wavu usipinde ukamgusa uso.

Ya mitumba igeuze ndani. Tafuta nembo ya NOCSAE, ambayo ndiyo alama ya viwango vya usalama vya Marekani, na mwaka wa kutengenezwa kama umeandikwa. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: irudi juu. Iliyobaki na shimo imekwisha kazi. Pitisha kucha polepole kwenye plastiki kuzunguka matundu ya skrubu, maana nyufa huanzia hapo. Plastiki iliyopauka na kuacha unga mkononi imeliwa na jua, iache hata ukipewa bure. Usiipake rangi wala kuisugua kwa tina, kemikali zake hudhoofisha plastiki. Na helmeti ya bodaboda haifai kabisa kwa kazi hii: inambana mtoto asione pembeni, na kioo chake hakikutengenezwa kupokea mpira.

Sasa koo. Mwambie mtoto aangalie juu, kama anayeufuata mpira angani. Ukiiona shingo wazi chini ya wavu, anahitaji kinga ya koo, kile kibamba cha plastiki kinachofungwa kwa kamba chini ya wavu. Ni kitu cha bei ndogo. Kilibuniwa baada ya tukio la mwaka 1976, pale Steve Yeager, mdakaji wa besiboli wa Los Angeles Dodgers, alipochomwa shingoni na vipande vya gongo la mwenzake lililovunjika. Tangu hapo wadakaji wengi hawakubali kuchutama bila kitu hicho, na mimi simruhusu msichana wangu yeyote.

Hatua ya 4: Kifua

Ukingo wa juu uguse mitulinga, wa chini uishie kitovuni. Kisha achutame. Ikiwa kinga inapanda na kuinua helmeti kidevuni, ni ndefu. Mikanda ya mgongoni ikazwe hadi kifaa kishikamane na mwili hata akiinama.

Mpira ukipiga moja kwa moja juu ya moyo katika sekunde mbaya unaweza kuvuruga mapigo yake, na watoto ndio walio hatarini zaidi kwa sababu kifua chao bado ni laini. Kinga zilizotengenezwa kupunguza hatari hii zina alama ya ND200. Ukiipata kwa bei unayoiweza, ichukue. Ukikosa, chagua yenye sponji nzito katikati, na iliyokatwa kwa ajili ya wasichana kama ipo.

Hatua ya 5: Miguu

Kwa wa miaka 9 hadi 12, inchi 12 hadi 14 kwa kawaida hutosha. Kikombe cha goti kikae juu ya goti lenyewe akiwa amechutama, na kibamba cha chini kifunike juu ya kiatu. Klipu zote ziwe upande wa nje wa mguu, la sivyo zitanasana akikimbia. Lastiki zilizolegea zisikuzuie kununua: fundi viatu anakubadilishia kwa bei ndogo. Kinga za ugoko za kandanda hazitoshi, hazifuniki goti.

Hatua ya 6: Glavu inaweza kusubiri

Wengi hukimbilia glavu kwanza kwa sababu inapendeza. Anayeanza anaweza kudaka kwa glavu ya kawaida ya uwanjani, ile wanayovaa wachezaji wengine. Ukifika wakati wa glavu ya mdakaji, ile nene isiyogawanywa vidole, nunua ya softiboli, maana ya besiboli ina mfuko mdogo na mpira wetu unachomoka. Ya mtoto huwa na mzunguko wa inchi 32 hivi. Anayerusha kwa mkono wa kulia huvaa kushoto. Kuilainisha, weka mpira ndani, uifunge kwa kamba usiku, na adake kila siku. Mafuta kidogo sana. Mengi huilemea ngozi.

Hatua ya 7: Jaribu vyote pamoja

Mvalishe kila kitu, mrushie mipira ya tenisi kwanza. Achutame, asimame, akimbie hadi besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha mkimbiaji, arudi. Muulize: "Wapi panakubana, mwanangu?" Watoto wetu huona haya kulalamika juu ya kitu kilichogharimu pesa, kwa hiyo uliza mara mbili, na umtazame mikono: anapoirekebisha kinga mara kwa mara, hapo ndipo penye kasoro. Wakati wa kaskazi mpe maji kila zamu ya mapumziko, na avue helmeti.

Chumvi ya bahari hula chuma haraka hapa. Baada ya mazoezi futa wavu, skrubu na klipu kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, ukaushe kivulini na mahali penye upepo, kamwe si juu ya mabati. Rangi ya wavu ikibanduka, angalia kutu chini yake, na kabla ya kila mechi kaza skrubu zote kwa bisibisi.