Eterniti: musiivunje na nyundo
Bandugu ba Lubumbashi benye munafanyaka kazi ya kutosha malata, ile eterniti ya zamani, rangi ya majivu, musiipige nyundo! Mulowanishe kwanza na maji ya sabuni kidogo, kisha mutoshe misumari moja moja lata ishuke nzima, mashini ya kukata hapana kabisa juu inatosha vumbi ya amianti, nyuzi ndogo sana zenye ziko mu eterniti, inaingia mu mapafu inabakia mule, ugonjwa unaweza kuja kisha miaka 20 ao 40. Kashene ya kitambaa haisaidie kitu, mutafute FFP3, ile maski ya kuchuja vumbi kabisa, na ndevu munyoe, bila vile maski haibane ku uso. Kufagia pakavu hapana, mupanguse na kitambaa cha maji. Na ovaroli yenye ile vumbi usipeleke kwa bibi afue: jirani yangu alikuwa anaikungutia mulangoni, batoto banacheza pale pale.