Namna ya kupiga hesabu ya mizunguko ya nyota pacha na sayari zake

Wengi wakianza kazi hii hukimbilia sayari, maana ndiyo inayowavutia. Nakushauri uiweke kando mpaka nyota zenyewe zikae sawa kwenye karatasi. Sayari ni nyepesi mno, haizibabaishi nyota. Nyota ndizo zinazoamua sayari ikae wapi, au itupwe nje. Chukua kalamu na kikokotoo; mwishoni utahitaji kompyuta. Mfano wetu ni Rijili Kantori, yaani Alpha Centauri, nyota mbili A na B zilizo umbali wa miaka ya nuru 4.4 hivi.

Hatua ya 1: Chagua vizio

Pima umbali kwa vizio vya astronomia (kizio 1 ni umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua), muda kwa miaka, na masi kwa masi za Jua. Ukifanya hivyo, namba ya graviti, G, inakuwa 4π², yaani 39.48, na hutahangaika na sifuri nyingi.

Hatua ya 2: Tafuta kitovu cha masi

Nyota A ina masi 1.08, B ina 0.91, jumla 1.99. Wastani wa umbali kati yao ni vizio 23.3. Hapa hakuna inayoizunguka mwenzake: zote mbili huzunguka kitovu cha masi, kila moja upande wake, na nyepesi ndiyo yenye njia pana zaidi. Ili kupata umbali wa A toka kitovuni, zidisha 23.3 kwa masi ya B, gawanya kwa jumla: 10.7. B inabaki na 12.6.

Muda wa mzunguko unatoka kwenye kanuni ya tatu ya Kepler, inayounganisha muda huo na umbali na masi. Kipeo cha tatu cha 23.3 ni 12,649. Gawanya kwa 1.99, tafuta kipeuo cha pili, utapata miaka 79.7.

Kuyumba huku kuzunguka kitovu ndiko kulikomwezesha Friedrich Bessel mwaka 1844 kutangaza kwamba Shira, ambayo wanaastronomia huiita Sirius, ina mwenzake asiyeonekana. Alvan Graham Clark alimwona kwa darubini mwaka 1862.

Hatua ya 3: Zinakaribiana kiasi gani?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo watu wanapoteleza kwa kutumia wastani. Njia za A na B ni duaradufu iliyovutika sana. Kipimo cha kuvutika huko, e, ni 0.52. Zidisha 23.3 kwa (1 − 0.52): zinapokaribiana kabisa zimetengana kwa vizio 11.2. Zidisha kwa (1 + 0.52): zinapoachana kabisa ni 35.4. Sayari inaweza kutulia miongo mingi, kisha nyota ya pili ikapita karibu na kuivuruga.

Hatua ya 4: Zipe nyota mwendo

Anza pale zinapokaribiana kabisa. Kasi ya moja kwa kulinganisha na nyingine, ikizidishwa kwa yenyewe, ni G × 1.99 × (2/11.2 − 1/23.3), sawa na 10.66. Kipeuo chake cha pili ni 3.26, vizio kwa mwaka. Igawe kinyume cha masi: A ipate 1.49, B ipate 1.77, zielekee pande zinazopingana. Hakiki: 1.08 × 1.49 na 0.91 × 1.77 zote ni 1.61. Zisipolingana, mfumo mzima utahama taratibu kwenye skrini yako.

Hatua ya 5: Sasa weka sayari

Ina mahali pawili pa kuishi: karibu na nyota moja, au mbali, ikizizunguka zote mbili. Katikati hapakaliki. Mwaka 1999 Matthew Holman na Paul Wiegert walitoa kanuni za mipaka hiyo kutokana na majaribio ya kompyuta. Kwa nyota zenye masi sawa na njia za duara, mpaka wa ndani ni kama 0.27 ya umbali kati ya nyota, wa nje kama 2.4. Kwa Rijili Kantori, e kubwa inaubana mpaka wa ndani hadi vizio 2.8 hivi. Sayari iliyo kizio 1 toka nyota A iko salama. Ya vizio 5, umbali wa Mshtarii wetu, haitadumu.

Kwa aina ya pili, jaribu Kepler-16b, iliyotangazwa mwaka 2011. Nyota zake, masi 0.69 na 0.20, huzungukana kwa siku 41. Sayari iko vizio 0.705, na mpaka wa nje unaangukia karibu 0.65, kwa hiyo iko nje kidogo tu ya eneo la hatari. Kanuni ya Kepler, kwa masi za nyota zote mbili pamoja, inakupa siku 229 kwa mzunguko, na ndizo zilizopimwa.

Hatua ya 6: Endesha programu

Programu iusogeze mfumo kwa vipande vidogo vya muda, kila kimoja ni hatua ya muda: sogeza kasi nusu hatua, mahali hatua nzima, kisha malizia nusu ya kasi. Utaratibu huu huzuia makosa ya nishati yasilimbikane. Chapisha jumla ya nishati kila mwaka wa hesabu. Ikianza kupanda au kushuka mfululizo, punguza hatua ya muda kabla ya kuamini kwamba sayari yako imetupwa nje.