Kufungua na kukagua sivi jointi za shafti ya mbele

Sivi jointi (CV joint) ni kiungo cha shafti kinachoendelea kuzungusha tairi hata likikunjwa; kila shafti ina cha nje, upande wa tairi, na cha ndani. Sivi jointi ya nje ikishaanza kulia ka-ka-ka unapokata kona, chuma kimeshalika. Hata ukiifungua ukaijaza grisi mpya, sauti itapungua kwa siku chache kisha itarudi, maana shimo lililochimbika kwenye chuma halizibwi na grisi. Jointi inayofaa kufunguliwa ni ile ambayo raba yake (mfuko wa mpira unaoifunika na kutunza grisi) imechanika karibuni: unaona grisi nyeusi imerushwa ndani ya rimu na kwenye shokapu, lakini gari bado halina kelele. Hiyo ukiiosha, ukaikagua na kuibadilishia raba, inaendelea kufanya kazi. Jointi ya ndani, upande wa giaboksi, haina tabia ya kulia kwenye kona. Ikichakaa gari hutetemeka unapokanyaga mafuta likiwa limenyooka.

Maelezo haya yanahusu gari ndogo za Toyota zinazovutwa na tairi za mbele, kama Vitz, IST na Corolla. Gari nyingine ndogo zinafanana nazo sana, ila vipimo vya nati hutofautiana.

Kutoa shafti

Legeza nati ya habu (ile kubwa ya katikati ya tairi, kwenye ncha ya shafti) tairi likiwa bado chini na hendibreki imevutwa. Nati ni ya 30 mm. Kabla ya kuweka soketi, inua kwa patasi nyembamba ile sehemu ya ukingo wa nati iliyogongewa ndani ya mfereji wa shafti. Ukiizungusha hivyo hivyo itakwangua uzi wa shafti, na shafti yenye uzi mbovu ni hasara kuliko jointi. Kisha piga jeki, weka stendi, mwaga oili ya giaboksi, tenganisha tairodi na boli jointi ya chini, na usukume habu kando.

Shafti ikigoma kutoka kwenye habu, rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya shafti, ndipo ugonge. Upande wa giaboksi, chomoa kwa kusukuma nje kikombe (ganda la nje) cha jointi ya ndani kwa bisibisi kubwa au mtaimbo mdogo. Usiivute shafti kwa kushika upande wa tairi. Ukifanya hivyo jointi ya ndani inaachana humo humo ndani ya raba, nawe unabaki na shafti mkononi huku kikombe kimekwama kwenye giaboksi. Ikitoka, iache ije sawasawa. Meno yake yakikwaruza oil sili (pete ya mpira inayozuia oili), utakuwa na kazi ya pili ya kuziba uvujaji. Gari lisisukumwe likiwa halina shafti, kwa sababu ile nati ndiyo inayobana beringi ya tairi.

Jointi ya nje

Ifunge shafti kwenye jiliwa, ukiweka vipande vya mbao au alumini kwenye taya zake. Kata klampu, sukuma raba nyuma, futa grisi. Sugua kidogo ya grisi hiyo kati ya vidole: ikikwaruza kama mchanga, jiandae kununua jointi.

Baadhi ya jointi zina saklipu (pete ya chuma iliyo wazi upande mmoja) inayoonekana, ambayo hupanuliwa kwa plaizi yake. Nyingi zina kipete cha waya kilichojificha kwenye ncha ya shafti. Hizo hutoka kwa pigo moja au mawili ya nguvu. Weka kipande cha shaba kwenye kile kiini cha ndani chenye mifereji sita (tukiite nyota) na upige hapo. Usipige keji (pete yenye madirisha inayoshika gololi), ni nyembamba na inapasuka. Toyota yenyewe katika vitabu vyake vya ufundi huelekeza jointi ya nje ya shafti nyingi isifunguliwe. Raba yake hupitishwa kutoka upande wa ndani. Kwa hiyo kama pigo la tatu halijaitoa, acha kupiga, pitia upande wa ndani.

Ikishatoka, geuza taya za jiliwa zishike meno ya nje, mdomo wa kikombe ukiangalia juu. Weka alama ya rangi kwenye kikombe, keji na nyota, zote zikiwa mstari mmoja. Tumia rangi, alama ya kugonga kwa patasi inaacha kinundu.

Sasa bonyeza upande mmoja wa nyota kwa mpini wa nyundo. Keji inalala, upande wa pili unainuka, na gololi moja inachungulia juu ya mdomo wa kikombe. Inyanyue kwa bisibisi ndogo. Inamisha upande mwingine, toa inayofuata, mpaka zitoke zote sita. Kata kipande cha trei ya mayai chenye vishimo sita, uviandike namba, na kila gololi ikae kwenye namba ya mfereji wake. Gololi na mfereji vimelika pamoja. Ukivichanganya, jointi iliyokuwa kimya inaweza kuanza kulia.

Keji haitoki kwa kuvutwa. Isimamishe wima, ikae pembe mraba na kikombe, na madirisha yake mawili yanayotazamana yapite kwenye matuta yaliyo kati ya mifereji. Ikikaa sawa inateleza yenyewe. Nyota nayo unaisimamisha vivyo hivyo ndani ya keji, unaingiza tuta lake moja dirishani na kuiviringisha nje. Nguvu haihitajiki popote hapa; ukiona unahitaji nyundo, pembe siyo.

Nini cha kutazama

Osha kwa mafuta ya taa, kausha kabisa. Mng'ao laini ndani ya mifereji ni kawaida. Pitisha ukucha: ukikwama kwenye kijishimo au ukingo, jointi haifai tena. Kagua kona za madirisha ya keji, nyufa huanzia hapo. Gololi isicheze dirishani. Rangi ya bluu maana yake chuma kilipata moto kwa kukosa grisi, tupa.

Jointi ya ndani

Hii ni rahisi. Ndani kuna miguu mitatu yenye roli, na kila roli ina sindano ndogo za beringi, hivyo zifunge tepu zisidondoke. Weka alama kikombe, miguu na shafti, toa saklipu, gonga miguu itoke. Wakati wa kurudisha, upande wa meno uliochongwa mshazari uangalie jointi ya nje.

Kurudisha

Valisha raba na klampu kwenye shafti kwanza. Kosa la kusahau hili humpata hata fundi mzoefu. Zungushia meno tepu ili yasikate raba. Saklipu iwe mpya.

Grisi ni ile nyeusi yenye molibdenamu. Ya beringi za tairi haifai hapa. Tumia pakiti yote iliyokuja na raba: shindilia kwenye tundu la nyota mpaka itokeze pembeni mwa gololi, inayobaki iingie kwenye raba. Kabla ya kufunga, ikunje jointi kwa mkono pande zote. Ikikwama pembe fulani, nyota au keji imegeuzwa juu chini.

Shafti ikiwa imenyooka, chomeka bisibisi bapa chini ya mdomo mdogo wa raba hewa itoke, ndipo ubane klampu za chuma. Kamba za plastiki hulegea zikipata joto. Rudisha oili ya giaboksi, weka nati mpya, kaza kwa 216 Nm kwa Vitz na Corolla za miaka ya mwanzo ya 2000, kisha gongea ukingo wake ndani ya mfereji.